Ukuta wa Mama Shemboza: niliupoteza, nikamdanganya miezi tisa

Wakuu, habari za mchana.

Naandika nikiwa staff room, wenzangu wako vipindini. Hii si chai. Imenitokea mimi mwenyewe, na sehemu kubwa inaniaibisha, kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi.

Mimi ni mwalimu wa Geography, sekondari moja ya kutwa huku Handeni, upande wa Mkata. Mzigua wa hapa hapa. Jina la shule haliwasaidii kitu.

Miaka minne iliyopita mkuu wetu wa shule, tunamwita Madam, alituuliza swali kwenye kikao: ukiacha mtihani, mtoto akimaliza form four hapa awe anajua nini?

Sisi tulikuwa mabingwa wa past papers tu.

Kazi ya kulijibu ikaangukia watu wawili. Mimi, kwa sababu ndimi mwalimu wa taaluma, na Mama Shemboza, mwalimu wa History na Kiswahili. Mshambaa wa Bungu, wakati huo amebakiza miaka mitatu kustaafu, mdomo mkali balaa, ila ukiumwa yeye ndiye wa kwanza kuja na uji.

(Kabla hamjanirukia: silabasi hatukuigusa. Tulichukua topics za masomo yote, tukazipanga zikutane, halafu tukaongeza mambo ya huku kwetu.)

Likizo nzima ya Desemba tulikuwa staff room. Karatasi za manila nane ukutani, mbili kwa kila kidato. Mama akaandika zote kwa penseli.

Nikamwambia, mama, chukua basi marker ionekane.

"Tukikosea tutafuta. Au mwenzangu hukosei?"

Nikamchongea penseli nyingine.

Siku ya tatu tukagundua kituko. Udongo ulikuwa unafundishwa kwenye Geography, Biology, Chemistry na Kilimo. Walimu wanne, miaka tofauti, hakuna anayejua mwenzake anafundisha nini. Mama akamwita mwanafunzi mmoja aliyekuja kumwagilia bustani, akamuuliza udongo ni nini.

Yule mtoto akajibu, "Wa somo gani, mwalimu?"

Tulicheka mpaka machozi. Kisha Mama akavua miwani akasema, "Mhando, hawa watoto tumewakosea." Akafuta manila nzima tukaanza upya.

Basi wakuu, shule ikabadilika. Form two walisoma mmomonyoko wakiwa wamesimama ndani ya korongo kule Kwaluguru. Walisoma mkonge kwa wiki moja kwenye masomo matatu: mmea wenyewe, wazee wetu waliokatishwa mkonge Korogwe enzi za mkoloni, na nyimbo walizoimba. Watoto wanaenda nyumbani kuwauliza babu zao, wanarudi na madaftari yamejaa.

Sijawahi kuipenda kazi hii kama miaka ile mitatu. Nasema kweli.

Mama akastaafu, akarudi Bungu. Siku ya kumsindikiza kituoni alinishika mkono, "Ukuta nakuachia wewe." Akapanda gari.

Januari iliyofuata staff room ikapakwa rangi. Manila nilizibandua mimi, nikazikunja vizuri, nikaziweka stoo. Juu ya chati za zamani.

Walimu mnaosoma hapa mmeshajua kilichotokea.

Kila Januari form one lazima wafunike madaftari, na asiye na karatasi hupewa chati kuukuu za stoo. Mwalimu wa darasa akachukua rundo lote, akakata. Mwandiko wa penseli umefifia, kwa mbali ni karatasi tupu. Hana kosa. Kosa ni langu.

Picha? Nilikuwa nazo za simu. Penseli haikuonekana, ni weupe mtupu.

Mama alikuwa anapiga kila mwezi. Swali lake la kwanza, kabla hata hajaulizia wanangu: "Ukuta wangu mzima?"

"Mzima, mama."

Miezi tisa nasema mzima. Nikikata simu nashindwa hata kula. Na wenzangu nao wakaanza kurudi kwenye past papers mmoja mmoja, maana hakuna pa kutazama. Nilimkumbuka yule mama jamani, mpaka nikawa naangalia kiti chake kama mjinga.

Oktoba ikaja mahafali ya form four, wale wa kwanza kupita kwenye mpango wetu wote. Madam akamwalika Mama Shemboza.

Nikachanganyikiwa. Nikapita form one darasa kwa darasa naomba majalada. Watoto wakabandua, nikayaunganisha kwa gundi ukutani siku mbili. Yalipatikana mengi, ila manila ya pili ya form three ilitoka na vipande vitatu tu.

Mama akafika, kavaa kitenge cha sherehe. Nikampokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nipeleke kwenye ukuta wangu."

Akavaa miwani, akasogea kusoma. Nikamwambia kila kitu, na uongo wote. Hakunigombeza, bora angenigomba. Akaweka kidole kwenye uwazi.

"Hapa palikuwa na nini?"

Sikukumbuka. Mimi, mwalimu wa taaluma!

"Hata mimi sikumbuki," akasema taratibu.

Mlangoni walikuwa wamesimama form four waliokuja kumsalimia. Nashipai, binti wa wafugaji, akasema, "Hapo ni wiki ya nyasi, bibi. Baba yangu alikuja akatufundisha zile ambazo ng'ombe hagusi, halafu Biology tukazipanga kwenye makundi yake."

Mwingine akadakia. Mwingine akambishia. Dakika chache wamejaa wanagombania penseli, na majoho yao ya mahafali, wanaandika. Mama amekaa kwenye kiti chake cha zamani analia, na mimi nimegeukia dirishani.

Waliijaza karibu yote. Imebaki nafasi moja, mwisho wa muhula wa pili form three. Hakuna aliyekumbuka.

Nilichojifunza: mpango wa shule ukibaki kwenye karatasi, karatasi itafunika madaftari. Sasa kila mwalimu mpya anakaa na mimi wiki nzima mbele ya ukuta, na form four wanawasimulia form one walichopitia.

Jana Mama kapiga.

"Ukuta wangu mzima?"

"Si mzima, mama. Una pengo."

"Basi hapo andika wewe. Mimi nimeshazeeka."

Toka asubuhi nimekaa hapa na penseli. Natamani angekuwepo anibishie kidogo tu, hata anitukane.

Wakuu, msipite kimya. Mtoto wa form three wa huku kwetu, ni kitu gani hafai kutoka shuleni bila kukijua? Niandikieni hapa chini, nami nitaandika kwa penseli. Tukikosea tutafuta.