Tumbo la Ukuta wa Laga

Ukuta wa kuzuia maji ya laga, ule mto wa msimu, pale Kakuma, una tumbo. Hulioni, kwa sababu walilifukia.

Mbao za kushikilia zege nilizipiga mimi. Upande mmoja ulitazama laga. Upande wa pili ulikaribia ukingo wa udongo, ukaacha mtaro wa kumtosha mtu akisimama kiubavu. Humo ndimo nilimowekwa, nikaze kabari za mihimili huku wenzangu wakimwaga zege kutoka juu.

Zege bichi husukuma kama maji: kadiri linavyopanda ndivyo linavyozielemea mbao za chini. Likianza kushika, huacha kusukuma. Ndiyo maana humwagwa kidogo, likasubiriwa, kisha likaongezwa. Msimamizi wetu, mtu wa Lodwar, hakutaka kusubiri. Jua lilikuwa kali, zege likikaukia kwenye makarai, basi akaamuru liongezwe maji mpaka likawa uji.

"Punguzeni mwendo!" nikapiga kelele. "Mbao zinalia."

"Zinalia mbao au unalia wewe?" akasema msimamizi. "Mtu wa Longech, si urudi ziwani ukavue samaki!"

Mwenzangu mmoja, Mkongomani aliyeshika karai, akasita. "Shefu, mbao iko nalia kweli."

"Mwaga!"

Misumari ikalia tena. Ubao uliokuwa mbele ya goti langu ulikuwa umevimba hadi ukanigusa suruali. Nyuma yangu palikuwa na udongo tu. Nikashika ukingo, nikajivuta juu.

"Ukitoka humo, usirudi," akasema msimamizi.

Nikatoka. Nikasimama kando kungoja mbao zipasuke. Nilitaka zipasuke, mbele ya watu wote, uji wake umfunike viatu. Hazikupasuka. Nilikuwa nimezikaza vizuri mno.

"Mmeona?" akawaambia wenzangu. "Fundi amekimbia mbao zake mwenyewe."

Wakacheka. Mkongomani naye alicheka, bila kunitazama.

Siku waliyobandua mbao nilirudi kuchukua nyundo yangu. Tumbo lilikuwa pale, gumu, pale pale goti langu lilipokuwa. Nikashuka mtaroni, nikajaribu kusimama kama nilivyosimama siku ile. Mguu haukuingia.

Nilipoinua macho, msimamizi alikuwa juu ya ukingo, ananitazama. Aliwageukia wenye makoleo.

"Akitoka huyo, jazeni udongo."