Boriti za Bibi Zuwena

Mwanangu, nakumbuka siku moja Bibi Zuwena, mama yake mama yangu, alinishika mkono sebuleni kwake Darsait, hapa Maskati, akaniambia, "Jenga upendavyo, mjukuu wangu. Mimi boriti tu nnazitaka." Laiti ningemuuliza boriti zipi! Sikuuliza. Nilikuwa nimerudi juzi juzi kutoka masomo ya ujenzi Ulaya, kichwa kimejaa, masikio yameziba.

Kule nilikuwa nimeona maghorofa ya mbao tupu. Mbao zinagandishwa kwa gundi tabaka juu ya tabaka, zinakandamizwa mpaka unatoka ukuta mzima, mnene, wa kubeba ghorofa juu yake. Nilizipenda, wallahi, na hata leo nnazipenda. Nyumba ya Bibi kuta zilikuwa zimepasuka, lazima ijengwe upya. Basi niliposikia "boriti" nikaona mwenye nyumba keshakubali. Nikamwambia nitamjengea nyumba nzima ya mbao. Akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Nyumba ya mbao? Kwani mimi kuku?"

Nikaona anatania tu. Nikamhamishia kwenye fleti ya kupanga mtaa wa Ruwi, ghorofa ya tatu, nikamwahidi hatokaa sana. Nikaleta wavunjaji. Kibali sina, mbao sina, nyumba iko chini. Kiherehere gani kile!

Nilipokwenda baladia, yaani manispaa, na michoro yangu, mhandisi wa vibali alinipokea kwa adabu. "Kanuni za ujenzi ulizozifuata ni za kwao," akasema. "Za kwetu zinajua zege na chuma. Ukuta wa mbao unaobeba nyumba hatuna kipimo chake. Niletee majaribio ya moto yanayokubalika hapa, ndipo tuzungumze." Nikambishia, ati kule wameruhusu. "Kule," akasema, akanirudishia michoro.

Na hata angenikubalia, mbao ningezipata wapi? Nilizunguka maghala ya Rusayl nikakuta plaiwudi na mbao nyembamba za kumwagia zege. Kiwanda cha Ulaya kilijibu kuwa kina foleni ya majengo makubwa, kinyumba kimoja cha Maskati kingoje. Nikangoja. Bibi naye akangoja, magoti yanamuuma, ngazi haziwezi tena, hata kwa majirani zake wa Darsait hafiki.

Alipochoka akaniita. "Jenga kwa zege kama watu, mjukuu wangu. Zile boriti uziweke darini chumbani kwangu, nikilala nizitazame."

"Boriti zipi, Bibi?"

"Ala! Za babu yako. Si zile zilizokuwa juu ya vichwa vyetu miaka yote? Mikoko ya Unguja ile. Kwani umeziweka wapi?"

Mwanangu, sikuwa na pa kuuweka uso. Boriti kwetu ni ile miti ya mikoko inayoshika dari, kila mtoto wa nyumba ile anajua, na mimi nimelelewa chini yake. Nilikwenda kusoma, nikarudi neno la nyumbani silisikii. Wavunjaji nilikuwa nimewaambia wazoe taka zote, na boriti zikenda na taka. Nikamwambia kweli. Hakunifokea. Alivuta mtandio akageukia dirishani.

Ijumaa jamaa walipokuja, mjomba akauliza boriti ziko wapi. Nikafungua mdomo, Bibi akanitangulia. "Zimeliwa na mchwa," akasema. "Kijana afanye nini?" Mwanamke hakosi sala, akasema uongo kwa ajili yangu, na mimi nikanyamaza nikanywa kahawa. Nyumba ya zege ilipokwisha alilala ndani yake akitazama dari nyeupe, mpaka Mungu alipomchukua. Aibu ile nnayo hadi leo.

Sasa nawe umerudi na michoro ya mbao, umeitandaza kwenye meza yangu. Nzuri, sikukatazi. Lakini kabla hujavunja tofali moja, nenda baladia ukaulize kanuni za hapa zinasemaje, si za kule ulikosoma. Jua mbao zinatoka kiwanda gani, na nani yuko mbele yako kwenye foleni. Na mwenye nyumba akikutajia kitu anachokitaka, usijifanye umeelewa. Mwambie akuoneshe kwa kidole.

Nenda mwanangu, Mungu aibariki mikono yako, azisimamishe nyumba zako, na akuepushe na aibu ya kutetewa na mtu uliyemkosea.