Jiwe Lililougua Huko Kibenga

Wajukuu zangu wakisikia kisa hiki wanasema nyogokuru, bibi yao, ameanza kuota mchana. Mi siotaga mchana. Nilisoma madarasa mawili tu, lakini macho yangu hayakuhitaji shule. Haya niliyaona mwenyewe, hapa Bujumbura, mtaa wa Kibenga, wakati bendera ya uhuru ilikuwa bado mpya.

Nilifanya kazi kwa Mzungu mmoja mfanyabiashara. Ziwa liko pale mlangoni kwake, unaweza kulitemea mate, na yeye anafuga maji ya bahari sebuleni, kwenye salo yake, ndani ya sanduku la vioo! Aliyatengeneza kwa chumvi iliyokuja na ndege. Ndani walikuwemo samaki wa rangi, konokono, na jiwe. Yeye aliliita korai, tumbawe la baharini. Sisi wa jikoni tuliliita jiwe tu, ila niamini, lilikuwa hai. Taa ikiwaka lilitoa vidole vidogo laini vya zambarau, vikachezacheza kama vya mtoto anayenyonya.

Kazi ya sanduku ilikuwa yangu: kufuta vioo, kuongeza maji matamu pale joto lilipoyapunguza. Amri ilikuwa kuingiza mikono mitupu, bila sabuni, bila chuma chochote. Kwa hiyo kila asubuhi nilivua umuringa wangu, ile bangili yetu ya shaba, nikautundika kwenye msumari jikoni.

Umuringa ule ulikuwa na pacha. Huo pacha aliuvaa Konsolata, mpishi, mwanamke wa Uvira aliyeniingiza kazini na kumsimamia mtoto wangu ubatizo. Siku hiyo ya ubatizo tulivalishana, tukaanza kuitana dada.

Asubuhi moja Konsolata akauchukua umuringa wangu pale msumarini. "Dada, hii imepindika. Acha nikupelekee kwa fundi wa Buyenzi."

Ningekataa kwa nini? Nilishukuru. Kila nikiuliza, anacheka: "Ule fundi ni muvivu kama bwana yako." Alijua bwana yangu alishanikimbia. Na mimi nilicheka.

Kisha jiwe likaanza kuugua. Vidole vikaingia ndani, havikutoka tena. Rangi ikafifia, nyama ikabanduka vipande vipande, chini yake mfupa mweupe. Mzungu akapima chumvi, akapima joto, akasogeza taa. Madamu, mke wake, hakupima kitu. Aliniangalia mimi.

"Umetia sabuni."

"Apana, Madamu."

"Likikufa, utatoka na mutoto wako."

Tulikuwa tunalala chumba cha nyuma ya jikoni. Pengine pa kwenda sikuwa napo.

Sasa sikiliza. Jua la saa saba, nyumba nzima imelala baada ya chakula, Konsolata ameenda sokoni. Nimekaa sakafuni mbele ya sanduku, nalitazama jiwe linavyokufa. Mara Konsolata akaingia. Kikwembe chake, kovu lake la kidevuni, umuringa wake mkononi.

"Umerudi mapema," nikamwambia.

Hakunisalimia. Konsolata, anayesalimia hata mbuzi wa watu? Nikaangalia miguu yake. Imelowa, na kila alipokanyaga palikauka papo hapo, pakabaki unga wa chumvi.

"Samaki wanakula?" Sauti ilitoka kama ndani ya mtungi.

"Wanakula."

"Na konokono?"

Nikamwambia walikufa wote, tena kabla jiwe halijaanza.

"Basi si sabuni. Sabuni ingebeba wote. Shaba ndiyo inaua konokono na jiwe, samaki inawaacha."

Akaingiza mkono hadi kiwiko. Maji hayakutikisika. Akagusa mchanga wa kona, akautoa mkono, akanishika hapa, kwenye kifundo cha mkono. Baridi ile nikueleze namna gani? Nilipopata pumzi, salo ilikuwa tupu.

Nikafukua kona ile. Umuringa wangu, wenye ufa ninaoujua, umeota kutu ya kijani, umezungushiwa uzi mweusi.

Konsolata wa kweli alirudi na kikapu cha ndagala, dagaa wa ziwani, jasho usoni. Nikamwonyesha. Hakuapa, hakulia. Akaanza kuchambua ndagala.

"Mi ndiye nilikuleta humu," akasema. "Miaka yote Muzungu ananiita mupishi. We umefika juzi, anakuita kwa jina lako."

"Na mutoto wangu? Si ulimushika mbele ya padiri?"

"Mutoto angebaki na mama yake. Mi ningemukosesha nini?"

Madamu akaja kwa kelele zetu. Akauona umuringa mkononi mwangu unadondosha maji. Aliujua ni wangu, kila siku aliuona msumarini. Akamtazama Konsolata: wake ulikuwa mkononi, unang'aa. Ningesema nini? Kwamba dada yangu ameshtakiwa na kivuli chake mwenyewe? Madamu akanifukuza papo hapo. Jioni ile nililala Buterere, kwenye kibanda kinachoingia maji ya mvua, mtoto kifuani.

Miaka mingi baadaye tulikutana sokoni, akaniita dada. Niliangalia miguu yake kwanza. Ilikuwa mikavu. Nikapita.

Leo nina nyumba yangu Mutanga Nord, niliyoijenga kwa mikono hii. Lakini tazama kifundo: duara jeupe, rangi ya lile jiwe likifa. Dawa zote za kupaka zimeshindwa, na shaba sijavaa tena.

We unayenisikiliza, umuringa wako ukipindika, upeleke kwa fundi mwenyewe. Na akiingia mtu mchana mwenye sura ya rafiki yako, asikusalimie, usimfukuze. Huenda kati yake na rafiki yako, yeye ndiye anayekutakia mema.