Gia ya Tatu ya Gari Nyekundu

Watu wa Lindi, mtaa wetu wa mabanda hapa jijini, wananiita mzee wa lori, ingawa lori yenyewe niliiacha zamani, magoti yalipoanza kukataa. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hivyo ukikuta hapa neno limekaa vibaya, liruke tu kama sisi tunavyoruka mtaro wetu. Lakini gia nazijua. Hapo sijishushi. Gari ikipita barabarani kule juu, mimi nikiwa ndani na chai yangu, nitakwambia iko gia ya ngapi, na kama dereva anaitesa nitakwambia pia.

Aliyenifundisha alikuwa dereva wa miwa kule kwetu magharibi. Lori za wakati ule hazikuwa na ile pete ya shaba ndani ya giaboksi, inayosaidia meno ya gia kukutana bila vita. Ukitaka kushuka kutoka ya nne kwenda ya tatu, unakanyaga klachi, unatoa gia na kuiweka fri, yaani pale katikati ambapo haijashika kitu. Unaachilia klachi, unapiga mafuta kidogo injini ipande, unakanyaga klachi tena, ndipo unaingiza ya tatu. Klachi mara mbili, mafuta mara moja. Ukikosea, giaboksi inalia kwaaa, na mwalimu wangu anakupiga kofi la shingo hapo hapo, tani za miwa zikiwa nyuma na kona ikiwa mbele. Alikuwa mtu mbaya kwa mambo mengine pia. Alikuwa na wake wawili ambao hawakujuana. Lakini hayo tuyaache, tutafika giza.

Sasa, kuna mama mmoja Kawangware, mjane, ana duka la vifaa vya ujenzi na ploti mbili zenye vyumba vya kupangisha, ambazo wazazi wa mumewe walizikuta zikiwa shamba la mahindi. Marehemu nilimjua vizuri kwa sababu mawe na kokoto za hizo ploti nilizileta mimi. Mtu mpole, mnene kidogo, lakini Jumapili alikuwa anajibana ndani ya gari nyekundu ya viti viwili, fupi hivi, ukisimama kando yake inakufika kiunoni. Gari ya mbio kabisa. Gia sita. Walikuwa na kikundi chao, wanaenda uwanja wa mbio nje ya jiji kushindana na saa. Mke alikuwa anakaa kiti cha pili. Miaka zaidi ya ishirini alikaa kiti cha pili.

Mzee alipofariki, gari ikafunikwa turubai uani. Funguo zilikuwa mbili. Moja ilibaki na mama, na ya pili ndugu mdogo wa marehemu alikuwa ameiweka mfukoni siku ya mazishi na hakuirudisha. Kila akija anainua turubai, anachungulia, anasema gari ya mbio haiwezi kuwa ya mama wa duka. Mwishowe siku moja, familia ikiwa imekaa, mama akasema ataiendesha mwenyewe na shemeji awe shahidi. Wakakubaliana mbele ya wote: Jumapili baada ya ibada, yeye kwenye usukani, shemeji kando, washuke mteremko mpaka daraja la mtoni wapande tena. Gia ikilia hata mara moja tu, mama anatoa ufunguo wake. Isipolia, shemeji anarudisha ule wa mfukoni.

Akanitafuta. Nilitembea kutoka Lindi, nikakata Ngong Road, nikamkuta dukani katikati ya mabomba.

"Mama, mbona ukakubali hilo neno la hata mara moja? Hata dereva wa miaka kumi hukosea."

"Nilikuwa nimekasirika, Guka."

Mimi si guka wake, yaani babu kwa lugha yao, mimi Mluhya na yeye Mkikuyu, lakini alipoanza kuniita hivyo nilijua maneno yamekuwa mazito.

"Na kuna kitu sikusema kwa kikao," akaendelea. "Gia ya tatu pete yake imekwisha. Fundi ameagiza nyingine nje, haijafika. Mimi nikiingiza ya tatu inalia kila saa. Kwa marehemu haikulia hata siku moja."

"Alikuwa anafanyaje?"

"Sijui! Nilikuwa naangalia barabara. Lakini mlio naujua. Akikaribia kona, injini inasema vuum, kidogo tu, halafu gari inatulia kama mtoto aliyepewa titi. Watoto walikuwa wanaujua wakiwa kitandani, wanasema baba amefika kona ya kanisa." Akashika bomba moja akalirudisha pale pale lilipokuwa. "Mimi nataka huo mlio utoke kwa mguu wangu."

Nikacheka, si kwa dharau. Gari ya kifahari namna ile, na ugonjwa wake ni ule ule wa lori ya miwa. Nikamwambia, "Mama, dawa ninayo."

Kujigamba kulinitoka haraka kuliko nilivyopanda ile gari. Kwanza kuingia ni kama kushuka kisimani. Halafu nilikuwa nimevaa akala zangu, zile za tairi, nzuri sana kwa matope ya kwetu, lakini pana. Nikakanyaga breki, akala ikapanda juu ya mafuta, gari ikanguruma na kusimama kwa pamoja, mpangaji mmoja akatoka bafuni na povu kichwani kuangalia ni nini kimelipuka.

Lakini hapo ndipo nilipoelewa marehemu alivyofanya. Nilivua akala, nikaweka nyayo tupu, na nikaona waliotengeneza ile gari walikuwa wameweka breki na mafuta karibu karibu makusudi. Ukienda mbio kwenye kona huna nafasi ya kuachilia breki ili upige mafuta kama kwenye lori. Unabonyeza breki kwa mbele ya mguu wa kulia, na breki ikiwa bado chini unauzungusha huo huo mguu, ubavu wake au kisigino, unagusa mafuta. Mguu mmoja kazi mbili, na wa kushoto unacheza klachi mara mbili. Kwa hivyo mimi nilimpa mama klachi, na gari ikatupa sisi wote huo mguu wa kulia. Nasema kweli, sikuwa naujua kabla ya siku hiyo. Nilijifanya naujua.

Hatukuanza barabarani. Nilimweka kwenye stuli nyuma ya kaunta, nikapanga mikebe mitatu ya rangi sakafuni mbele yake, wa klachi, wa breki, wa mafuta, na kipande cha bomba mkononi kiwe gia. Mimi nilikuwa injini. Nafanya vuum kwa mdomo. Akiwahi, nafanya kwaaa. Akichelewa, kwaaa. Wateja wanasimama wanangojea misumari.

"Niaje, mathe," akasema fundi mmoja wa mabomba, mtu mzima na ndevu zake. "Hiyo ni densi ama umeumwa na siafu?"

"Ni breki. Unataka elbow ama unataka kuchekesha watu?"

"Nataka elbow ya nusu inchi, ya kukunja bomba kwa kona. Lakini si umalizie hiyo wimbo kwanza."

Siku ya nne hata huyo fundi alikuwa amejua, mama akikosea anafanya kwaaa kabla yangu.

Siku ya tano tukaingia barabarani, asubuhi, kabla mikokoteni ya maji haijajaa. Kwanza ya tatu ililia, ikalia tena, mama akafunga macho kila mara kama mtu anayesikia sahani ikivunjika. Nikamwambia asiangalie ule mshale wa mizunguko, asikilize. Injini ina sauti yake ikiwa gia ya nne, na ina sauti ya juu kidogo ikiwa ya tatu kwa mwendo ule ule. Wewe ukiwa kwenye fri, ipandishe mpaka uisikie ile sauti ya juu, kisha ingiza. Meno yakizunguka sawa hayahitaji pete, yanaingiana kama mkono mfukoni. Na huyu alikuwa na sikio! Miaka ishirini na zaidi ya kusikiliza kiti cha pili haikupotea bure. Alijua sauti inayotakikana kabla mimi sijamaliza kuieleza. Kufika Jumamosi, vuum yake ilikuwa safi, na ya tatu iliingia hata usijue.

Kwenye mteremko nilishika usukani mara mbili tatu kumwonyesha njia. Hapo ndipo nilipokosea, na sikujua.

Jumapili nilitoka kanisani kwetu mapema. Sisi tunaimba na ngoma na hatuangalii saa, ilibidi niombe ruhusa. Nikafika Kawangware wakati mama na familia wanatoka kanisani kwao, akina mama na kofia, wazee na suti. Mama alikuwa amebadilisha viatu vya ibada akavaa raba nyembamba. Shemeji alikuja na miwani ya jua, akaingia kiti cha pili akasukuma magoti kando.

"Mama, bado unaweza kubadilisha nia. Hakuna mtu atakucheka."

"Funga mkanda, shemeji."

Viti ni viwili, kwa hivyo mimi nilibaki getini. Geti lao liko ukingoni mwa bonde, barabara inashuka mbele yako mpaka daraja, kisha inapanda ng'ambo, lakini nyumba za mabati zinaificha. Usingeona kitu. Ungesikia tu.

Nikasikia. Ya kwanza, ya pili, ya tatu kwa kupanda gia, safi. Ya nne. Gari ikaanza kushuka. Halafu sauti ya injini ikaanguka. Ikawa ndogo, inapumua tu, pole pole, kama gari iliyosimama, na matairi bado yanaenda.

Mama alikuwa amepiga fri.

Sisi madereva wa lori, mteremko ukionekana, mkono unakwenda wenyewe. Unatoa gia, unaacha gari iteleze, mafuta yanapumzika. Kila dereva wa kizazi changu alifanya hivyo, na kila dereva wa kizazi changu anamjua mwenzake mmoja ambaye breki zilichemka akaishia korongoni. Nilikuwa nimefanya hivyo nikimwonyesha njia, bila kufikiri, bila kusema neno. Nilimfundisha klachi kwa mdomo na nikamfundisha fri kwa mkono. Yeye ni mwanafunzi mzuri, alichukua vyote viwili.

Sasa angefika kona ya daraja, mwendo umeongezeka, gari haijashika gia yoyote, na njia ya kurudi ni moja tu, ile ya tatu isiyo na pete. Kukosea hapo kungelia mpaka kanisani wasikie.

"Mbona gari imenyamaza?" akauliza mzee mmoja wa familia kando yangu.

"Inafikiri," nikasema. Kwa kweli ni mimi niliyekuwa nafikiri. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unabonyeza vumbi.

Nikasikia matairi yakisaga mchanga, breki. Na ndani ya breki, kabla haijaisha: vuum. Moja. Si kubwa, si ndogo. Nikangojea kwaaa kama unavyongojea radi ukishaona mwanga.

Haikuja. Injini ilishika uzito, sauti ikapanda na gari, ikavuka daraja, ikaanza kukwea ng'ambo. Nilisikia akigeuza kule juu, akarudi chini, na safari hii hakuachilia gia hata kidogo. Kona ya pili, vuum. Yule mzee kando yangu akavua kofia. "Huyo ni ndugu yetu kabisa," akasema, akimaanisha marehemu, na akageuka asitutazame.

Waliporudi getini shemeji alikuwa ameshika ile miwani mkononi. Alichukua muda kutoka, unajua ile gari.

"Alipiga fri kwa mteremko," akawaambia watu. "Kwa mteremko! Angetuua."

"Gia ililia?" akauliza yule mzee.

Shemeji akaangalia gari. Akaangalia viatu vyake. Ningeweza kumchukia, lakini wacha niseme ukweli, angeweza kudanganya, maana walikuwa wawili tu ndani.

"Haikulia," akasema. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akauweka juu ya boneti. "Hata ndugu yangu mwenyewe pale kwa daraja sijui kama angeiokota hiyo gia. Mama, hiyo umenishinda."

Watu wakaanza kupiga makofi na vigelegele, chai ikaitishwa. Nikajipenyeza mbele nimpe hongera, mwalimu naye apate sehemu yake. Mama hakuwa anatabasamu. Aliniangalia kutoka kwenye usukani kama mwalimu wangu wa miwa alivyokuwa akiniangalia.

"Guka. Ile fri nimeitoa wapi?"

"Kwangu," nikasema. Ningesema nini?

"Nilijua. Nilifika katikati ya mteremko nikajiuliza, kwani mkono wangu unafanya nini?" Akanyoosha mkono dirishani, nikampa ule ufunguo wa pili kutoka kwenye boneti, akauingiza mfukoni mwa koti. Kisha akafungua mlango wa kiti cha pili kutoka ndani. "Vua akala uingie. Tunashuka tena, mpaka chini, na gia ndani. Nataka uketi hapo usikilize vile inafanywa."

Chai ilikuwa inakuja na mandazi ya moto. Nikavua akala, nikaingia.