Kiwanja cha Karibu na Kengele

Jumanne nilikuwa ofisi ya ardhi Bariadi, kwenye benchi, pembeni ya mzee aliyepunguzwa kazi baada ya kiwanda chao cha pamba kuuzwa kwa mtu binafsi. Alitaka kiwanja cha kustaafia, karibu na chuo cha ualimu.

"Baba, kule hakuna biashara," karani alimwambia. "Chukua cha barabarani ujenge fremu za maduka. Siku hizi kila mtu anajenga fremu."

"Mayu," mzee alimwita karani "mama" kwa Kisukuma, "miaka yote nimeamshwa na king'ora cha kiwanda. Sasa nataka kengele ya wanafunzi."

"Si kelele zilezile, baba?"

Kabla hajajibu, kengele ya chuo ikalia saa nne, ikatujia taratibu juu ya mashamba ya pamba iliyopasuka, kama kitu unachokiota. Ofisi ile haina saa; kengele hiyo ndiyo inayowapeleka kunywa chai. Karani akainuka. Wenzake wakainuka. Hata mimi, niliyemaliza shule zamani, nikajikuta wima.

Mzee alibaki amekaa, kafumba macho, kidole juu.

"Umeona, mayu? Hainiiti mimi."

Karani akakaa tena, akavuta fomu.

Mimi, msomaji wangu, bado nilikuwa nimesimama.