Mkungu Kutoka Kibanja Kilichokuwa Changu

Leo kaka yangu kaniletea mkungu wa ndizi, na wivu umenijaa.

Msinicheke. Ndizi zenyewe zimetoka kwenye kibanja kilichokuwa changu.

Baba alipofariki, miaka ya tisini mwanzoni, kikao cha ukoo kwetu Nyakatuntu kilimchagua kaka kuwa msimamizi wa mirathi, naye akaweka wakili. Na mimi je? Nikasusa. Nikapanda gari hadi Bukoba kuweka wakili wangu, ili tu na mimi nionekane mtu.

Ada sikuuliza. Nilijua italipwa na mali ya baba, kama ya wakili wa kaka.

Kumbe! Wakili wa msimamizi alifanya kazi ya mirathi, kwa hiyo alilipwa na mirathi kabla hatujagawana. Wangu niliyemleta kwa wivu, ada yake ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Ikabidi niuze fungu langu, kibanja na migomba yake yote. Na kwetu huuzi kwa mgeni kabla ndugu wa ukoo hawajakataa.

Ndugu mwenye pesa alikuwa nani? Jazeni wenyewe.

Basi leo kashusha mkungu mlangoni.

"Shikamoo kaka," nikasema, meno nimeyabana.

"Marahaba. Kibanja chako kimezaa sana mwaka huu."

Chako! Afadhali angenitukana.

Nimezipika na maharage, nimekula sahani mbili huku nimenuna.

Natamani nirudi Bukoba nikaweke wakili, nimshitaki kaka kwa wema wake.

Lakini safari hii nitauza nini?