Fundi wa Kindu Anayeijua Ndege kwa Tumbo Lake

KINDU, Novemba 1955. King'ora cha karakana ya reli hakijalia bado, lakini Godefroid Onema ameshawasha tanuru. Anakohoa, anatema pembeni, kisha anachota risasi nyeupe iliyoyeyuka na kuimimina kwenye kalibu ya chuma. Inapopoa anaifungua. Inatoka ndege ya vita, bawa juu ya bawa, urefu wa kiganja.

Ni nzuri mno. Mwenyewe haitazami mara mbili.

Kazi yake hasa ni kusubu bushi za magurudumu ya treni, pete ambamo ekseli huzunguka, kwa risasi hiyohiyo. Ndege zilianza miaka mitatu iliyopita, Bwana Louis, mkuu wa karakana, alipotaka mfano mdogo wa ndege ya Kitaliano wa kuweka mezani. Aliuliza ni nani kati ya askari wa zamani aliyewahi kuiona. Godefroid akainua mkono, na anajuta mpaka leo.

Sasa Wazungu wa mjini wanazikusanya, wengine wanazipeleka Ulaya. Fundi hupewa sabuni na sigara, na bushi zake zinamngoja palepale. Ana miaka arobaini na sita. Kifua chake, ukikisikiliza, kina sabini.

Ndege ya kwanza ilichekesha karakana nzima. Tumboni hakuna kilichokosekana: magurudumu yenye vifuniko, mistari ya mabawa, mpaka doa la mafuta karibu na injini. Mgongoni palikuwa laini kama sahani, hata kiti cha rubani hakikuwepo. Bwana Louis alicheka hadi machozi, kisha akaleta picha ya gazeti ili fundi amalizie.

"Haiko kusahau," Godefroid ananieleza bila kucheka. "Ile ndege niliionaka chini yake tu. Tulilala mugongo mu majani, mimi na Nestor, inapita juu yetu. Mugongo yake ningeionea wapi?"

Hiyo ilikuwa Abisinia, mwaka 1941, Wabelgiji walipowapeleka kupigana na Waitaliano. Nestor, kijana wa Alunguli aliyeingia naye jeshini siku moja, hakuinuka tena kwenye yale majani. Alizikwa hukohuko. Mama yake, Bernadette, bado anaishi Alunguli, ng'ambo ya mto, na kulima mihogo. Kaburi la mwanawe hajaliona, wala hatarajii.

Mwezi uliopita alisikia sokoni habari za vindege vya karakana. Akavuka kwa mtumbwi, akamngoja fundi langoni na kumwomba amwonyeshe kimoja. Godefroid alikataa. Mama akaja tena wiki iliyofuata, na tena.

"Nilimuambia, Mama, ile kitu ni mubaya, acha," anasema, akijifuta jasho. "Lakini mimi nimechoka, ndugu. Kila asubui ninazaa tena kitu yenye iliua rafiki yangu, na watu wananiambia ni muzuri."

Nami nilivuka kwenda kumwona mama huyo. Alikuwa akimenya mihogo, na hakuacha kumenya.

"Waliniambia ndege njo ilimuua," alisema. "Ndege namna gani? Mimi najua ile ya barua tu. Miaka yote niko nawaza kitu haina sura. Niione, kisha Godé aiyeyushe mbele ya macho yangu."

Nilimuuliza kama angependa risasi hiyo isubiwe msalaba wa kumkumbuka mwanawe. Alinitazama kama mtu aliyesema upuuzi, na kweli niliona haya.

"Hapana. Waitie mu gurudumu ya treni. Itumike nayo, ichoke, sawa vile siye."

Godefroid amekubali. Ndege aliyoitoa kwenye kalibu leo iliagizwa na Bwana Louis kwa ajili ya Krismasi, na anajua bwana atakasirika. Atamwambia kifua chake hakiwezi tena kazi mbili, abaki na bushi tu. Hana matumaini mengine makubwa kuliko hayo.

Jumamosi, kazi zikiisha, Mama Bernadette ataingia kwenye ua wa karakana. Namuuliza fundi kama atampa ndege ile mkononi.

"Hapana," anajibu, akiigeuza tumbo juu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Nitamuomba akae chini. Nitaishika juu ya kichwa yake, aione vile Nestor aliionaka. Kisha nitaitia mu moto."